Miaka Yangu ya Kutandikia Watu Mapumziko

Siku ya kwanza kazini sikumwona mgeni hata mmoja. Niliona godoro tu, kutwa nzima. Hoteli ilikuwa Meru mjini, upande wa Kinoru, na siku za mpira tulisikia kelele za uwanjani tukiwa ghorofani tunavalisha mito foronya. Nilikuwa nimetoka nyumbani Karurumo na cheti cha kidato cha nne na sweta ya shule ambayo nilikuwa nimeifumua nembo. Aliyenipokea alikuwa Hausikipa, yaani mkuu wa vyumba vyote, mashuka yote, na wasichana wote wanaovitunza. Sisi tulimwita Madam, na jina lake sikulijua mpaka miezi ilipopita.

Alinipeleka kwenye chumba kimoja kisicho na mtu, akanionyesha namna ya kukunja kona ya shuka. Unaliinua pembeni likae kama pembe ya bahasha, unachomeka kinachoning'inia chini, unalishusha, kisha unachomeka tena. Ikikaa sawa, mgeni anaweza kujigeuza atakavyo na shuka lisitoke. Nikajaribu. Madam alilivuta kwa kidole kimoja, likafumuka lote.

"Tena," akasema.

Nikarudia. Akavuta tena. Hadi jioni mgongo wangu ulikuwa unauma mahali ambapo sikujua mtu anaweza kuumwa, na nilipomwambia, hakushtuka.

"Hapo ndipo pataendelea kuuma," alisema. "Ukistaafu utanikumbuka."

Naandika haya nikiwa nimestaafu. Namkumbuka.

Ninyi mnaosomea kazi ya hoteli siku hizi mnafundishwa kwa picha na kwa simu, na sina neno. Lakini kazi yenyewe haijabadilika sana. Chumba ambacho mgeni ameondoka tulikiita cha kutoka, na ambacho bado ana mizigo yake ndani tulikiita cha kukaa. Cha kutoka kina kazi maradufu, maana unakivua nguo zote kama mtoto anayeogeshwa: mashuka, foronya, taulo, hata kifuniko cha godoro kikiwa na doa. Cha kukaa kina hatari zaidi. Humo unagusa vitu vya watu, na kitu kikipotea unaulizwa wewe.

Pale Meru tulikimbia. Wageni wetu walikuwa walimu waliokuja kwa semina, wafanyabiashara wa miraa, watu wa benki, na wote walitoka asubuhi kwa pamoja na wengine wakaingia adhuhuri kwa pamoja. Viatu vyao vililetea mazulia yetu udongo mwekundu. Wakati wa baridi vidole vilikataa kushika foronya, tukavipulizia pumzi. Madam alisimama mwisho wa korido akipiga makofi. "Wasichana, harakisheni! Watu wako kwa ngazi!" Nami niliamini kwamba hivyo ndivyo kazi inavyofanywa, na kwamba asiyekimbia hafanyi kazi.

Baada ya miaka michache Meneja aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa kukaa ameegemeza mikono nyuma ya kichwa.

"Wewe uko na bahati, Wawira," aliniambia. "Mwenye hoteli amefungua ingine huko pwani. Anataka wasichana wa kuaminika kutoka huku juu. Nimetoa jina lako."

"Kazi ni ile ile, mkubwa?"

"Kazi gani? Unaenda kupumzika. Watu wa huko hawana haraka na kitu. Utakaa chini, utakula samaki, utanenepa."

Nilikuwa nimechoka wakati huo, uchovu wa msichana mdogo anayedhani akilala vizuri wiki moja utaisha. Nikamwamini.

Nilipitia nyumbani kuaga. Mama alikuwa ameanza kuumwa na nyonga, anatembea akishika ukuta. Mdogo wangu Marigu alikuwa shambani kwenye kahawa, na hakuacha kuchuma aliponiona. Hatukuwa na ndugu mwingine. Baba alikuwa amefariki tukiwa wadogo.

"Wanasema ni kupumzika," nikamwambia.

"Basi nenda ukapunge upepo," akajibu. "Mimi na mama tuko na kahawa ya kuchuma."

Alisema akicheka, nami nikacheka. Wakati huo yalikuwa maneno ya mzaha.

Hausikipa Mkuu wa pwani aliitwa Bi. Mwanamisi. Alikuwa mama mfupi, mzito, mwenye sauti ya chini ambayo ilikufanya umsogelee ili usikie. Kiswahili changu kilimchekesha. Alinisahihisha kila sentensi, taratibu, kama anayetoa mawe kwenye mchele. Asubuhi yangu ya kwanza nilibeba taulo nikashika korido mbio, kama nilivyofunzwa, nikampita mgeni aliyekuwa anatoka chumbani. Bi. Mwanamisi akaniita pembeni.

"Mwanangu, kwani kuna moto?"

"Hapana, Madam."

"Basi wakimbilia nini? Yule mgeni ametoka kwao kachoka. Amekuja kuwaona watu wasio na haraka. Akikuona wewe wahema, naye ataanza kuhema. Mbele yake tembea kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi zake zote."

"Na hizo kazi zitaisha vipi?"

Akanionyesha mlango ulio mwisho wa korido, uliopakwa rangi ya ukuta, usio na namba.

"Pale ndani," akasema. "Pale ndani kimbia upendavyo."

Nyuma ya mlango ule kulikuwa na hoteli nyingine kabisa. Korido ilikuwa nyembamba, haina feni wala dirisha, na kila mtu alipita humo: sisi na toroli zetu za mashuka, vijana wa jikoni na masinia, fundi wa bomba na ngazi yake. Mvuke wa dobi ulipanda kutoka chini. Dobi ni pale nguo zinapofuliwa na kupigwa pasi, na joto lake lilifika hadi ghorofa ya juu. Wote tulikimbia. Ukifika mlangoni unasimama, unajifuta uso, unanyoosha gauni, unavuta pumzi moja ndefu, ndipo unasukuma kwa bega na kutokea upande wa pili ukitabasamu. Wageni walitutazama wakasema hawajaona watu watulivu hivi. Nilisikia kwa masikio yangu mgeni mmoja akimwambia mkewe kwamba hapa watu wanajua kuishi.

Kwa hiyo kazi ilikuwa ile ile ya Meru, ukiongeza kazi ya kuificha.

Ukiongeza na mchanga. Mchanga ulikuwa adui yetu. Uliingia na miguu, na taulo, na nywele za watoto, ukajificha kwenye mishono ya godoro, na mgeni akiuhisi mgongoni hupeleka malalamiko mapokezi. Tuliufukuza kwa brashi ya mkono, tumepiga magoti. Kisha chumvi. Hewa ya bahari ilikula vitasa, ikatia kutu ndoano za mapazia, na ndoano ikidondosha kutu kwenye shuka jeupe, doa lile halitoki kwa sabuni. Ulilisugua kwa ndimu na chumvi ya jikoni. Wakati wa masika mashuka hayakukauka na yalinuka uvundo, tukayarudisha kwenye pasi kubwa mara mbili. Jioni tulirudi tena vyumbani kufungua vitanda: unafunga mapazia, unakunja kona ya shuka nje kidogo kana kwamba kitanda kinamkaribisha mtu, unaweka asumini juu ya mto. Kazi ndogo, lakini inakuja wakati mwili umekwisha.

Niliyefanya naye kazi sakafu moja, yaani ghorofa moja, aliitwa Kadzo. Alikuwa Mgiriama, kwao ni ndani kidogo, mbali na ufuo, kwenye nchi kavu ambako mahindi yalikuwa yanakauka kabla ya kubeba. Kadzo alikuwa mtu wa pwani wa kuzaliwa, nami nilikuwa nimeambiwa kwamba hao hawana haraka. Kabla ya kuja kazini alikuwa ameshateka maji mbali, amewapikia watoto na mama mkwe, na ametembea hadi barabara kuu. Alifika akiwa amechoka tayari, akavaa gauni la kazi, akasukuma ule mlango akitabasamu. Hakuna aliyetembea kwa madaha kama Kadzo.

Siku moja tukila chakula cha mchana kantini nilimuuliza, "Wewe hupumzika lini?"

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto.

"Si ndiyo napumzika hivi," alisema. "Huku maji yamo ndani ya ukuta. Wafungua tu."

Akimaliza vyumba vyake, Kadzo alikuwa na desturi ya kuingia stoo ya mashuka, akaketi juu ya furushi la nguo chafu, akaegemea rafu na kufumba macho. Alilala hivyo kidogo tu, ameketi, kisha akaamka mwenyewe bila kuitwa. Bi. Mwanamisi alijua. Akipita pale alivuta mlango taratibu ili usigonge.

Kisha akaja Meneja Msaidizi mpya. Alikuwa mtu wa huku kwetu mlimani, sitasema wa wapi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyetoka na maneno yale yale niliyotoka nayo mimi, ila yeye hakuwahi kusukuma toroli. Wiki yake ya kwanza alifungua mlango wa stoo akamkuta Kadzo amelala. Mimi nilikuwa nyuma yake na mzigo wa taulo. Hakumwamsha. Aligeuka kwangu akanisemesha kwa lugha ya nyumbani, ili Kadzo akiamka asielewe.

"Unaona?" alisema. "Hawa ndio wanaturudisha nyuma. Wewe ni wa huko kwetu, unajua kazi ni nini. Nikikupa hii sakafu usimamie, si utawaamsha?"

Nilimjibu kwa Kiswahili, na kwa sauti.

"Amemaliza vyumba vyake, mkubwa. Na amefanya vyangu viwili, maana mimi nina homa tangu jana."

Kadzo alikuwa ameshafumbua macho.

"Sikukuuliza habari ya vyumba," Meneja Msaidizi akasema, naye sasa kwa Kiswahili.

Kesho yake Kadzo alihamishiwa dobi, kwenye mashine ya pasi, mahali ambapo wanaume wenyewe walifanya zamu fupi kwa ajili ya joto. Bi. Mwanamisi alienda ofisini akamtetea kwa ile sauti yake ya chini. Alirudi akakaa kwenye kiti chake, akatoa miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Amesema wavivu watoke machoni pa wageni," akatuambia. Sakafu nikapewa mimi, na funguo zake.

Nilimfuata Kadzo chini dobi. Alikuwa analisha mashine shuka, jasho linamtiririka shingoni.

"Nikatae?" nikamuuliza.

"Kwa nini? Asipokupa wewe atampa mwenye roho mbaya." Alivuta shuka likatoka upande wa pili limenyooka. "Nyumbani si una mama mgonjwa?"

Nilikuwa naye. Nikazichukua funguo.

Kusimamia sakafu, kwa wasiojua, ni kukagua. Unaingia chumba kilichotengenezwa, unapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, unainama uone chini ya kitanda, unakaa kwenye kiti cha mgeni utazame anachokiona yeye. Hicho ndicho kiti pekee cha wageni nilichokikalia miaka yote ile, na nilikikalia kazini.

Sasa nyumbani. Mtu wa hoteli ya pwani hana Desemba. Wakati watu wa Karurumo wanachinja mbuzi na watoto wao wanarudi kutoka Nairobi, sisi hoteli imejaa hadi vitanda vya ziada. Likizo yangu ilikuja mwezi wa Mei, mvua ikinyesha na wageni wakiwa wameisha. Nilifika nyumbani nimependeza. Joto la pwani hung'arisha ngozi, na ugali wa kantini ulikuwa umeninenepesha kidogo. Niliwaletea leso na mafuta ya nazi. Majirani walinishika mikono wakasema, "Pwani imekupenda."

Marigu hakusema hivyo. Yeye alikuwa amekonda. Alikuwa ameolewa jirani, kwa hiyo alilima kwa mumewe na kwetu pia, na mama sasa alikuwa hatoki kitandani bila kunyanyuliwa. Marigu ndiye aliyemnyanyua, asubuhi na jioni, hata akiwa mjamzito. Nilijaribu kumwambia mara moja, tukiwa tunaosha vyombo.

"Marigu, hata kule tunachoka."

"Mnachoka na nini?" aliuliza. "Na kutandika vitanda?"

Hakuwa anatania tena. Nikatafuta la kusema, la mlango na la mchanga na la Kadzo, nikaona yote yanasikika madogo mbele ya mama aliyelala pale chumba cha pili. Nikanyamaza. Nadhani nilinyamaza pia kwa sababu sikutaka kuonekana mchovu. Mtu akienda mbali, watu wa nyumbani wanataka arudi akiwa amefaulu, naye pia anataka.

Mama alifariki mwezi wa Desemba. Niliitwa mapokezi kupokea simu, nikiwa nimevaa tabasamu la korido. Meneja Mkuu alinipa mkono. "Pole sana, Wawira. Lakini unaona nyumba imejaa. Nenda uzike, urudi." Nafasi kwenye mabasi ya sikukuu zilikuwa zimekwisha. Nilipofika Karurumo ilikuwa asubuhi ya mazishi yenyewe, turubai limeshafungwa, kaburi limeshachimbwa, mama ameshavishwa na mikono mingine.

Marigu alikuwa jikoni na wanawake wa kanisa, wanamenya ndizi. Aliinua macho.

"Umefika," alisema. "Nilidhani upepo umekuzuia."

Wanawake wote waliacha kumenya. Kisha mmoja akakohoa, visu vikaanza tena. Nilivuta kigoda, nikachukua kisu, nikamenya nao ndizi hadi tulipoitwa kwa ibada. Alikuwa amemwogesha mama miaka hiyo yote, na alikuwa amechoka kuliko mimi. Siku iliyofuata nilirudi kazini, nikasukuma ule mlango kwa bega.

Baada ya hapo sikuweza kukaa pwani. Niliomba kurudishwa juu, na baada ya muda nikapelekwa Kibirichia, mwenye hoteli alikofungua nyumba ndogo ya wageni katikati ya mashamba ya viazi. Bi. Mwanamisi alinifungia mahamri ya safari ndani ya karatasi, akaniambia nisisahau ngeli. Alistaafu miaka michache baadaye akiwa na ugonjwa wa sukari, na habari ya kifo chake nilipata kwa simu ya Kadzo.

Kibirichia nilikuwa mimi Hausikipa, neno kubwa kwa mtu mwenye wasichana wawili. Wageni walikuwa wanunuzi wa viazi, madereva wa malori, na wakati mwingine maofisa wa kilimo. Baridi ya kule inaingia kwenye mifupa. Mashuka tuliyaanika juu ya majiko ya makaa, maana jua lilikuja likapita tu. Nilifanya kazi pale hadi magoti yakaanza kulia nikipanda ngazi.

Nataka niseme jambo moja nililoliona Kibirichia. Siku za soko wanaume walikaa mbele ya maduka kuanzia asubuhi hadi jua linapungua, mikono ndani ya makoti, hawafanyi lolote. Nikiuliza, naambiwa wanangoja lori. Na kweli walikuwa wanangoja lori, na kweli walikuwa wamelima tangu alfajiri ya jana. Hakuna aliyewaita wavivu. Lakini mtu yule yule akiketi vile vile kwenye baraza ya pwani, akingoja jua lipungue ndipo arudi shambani au baharini, tunampiga picha na kusema, hawa wana maisha.

Nilienda Karurumo mara kwa mara, nikimpelekea Marigu gunia la viazi. Alinishukuru vizuri, kama mtu anavyomshukuru mchuuzi. Tuliongea habari za mvua na za watoto wake. Asubuhi ile ya jikoni hatukuigusa. Miaka ikapita hivyo, na mumewe akafa, nikaenda nikakaa naye matanga yote, na bado hatukuigusa.

Nilistaafu bila sherehe kubwa. Nilikabidhi funguo, nikapewa blanketi na soda, nikarudi Karurumo kwenye nyumba niliyojenga kwenye shamba la mama, mkabala na ya Marigu. Wanasema mtu akistaafu hulala. Mimi sikujua namna. Niliamka kabla ya jogoo, nikajikuta nimesimama kando ya kitanda nakunja kona.

Kitinda mimba wa Marigu anaitwa Mukami. Alisomea mambo ya hoteli huko Meru mjini, na alipopata kazi pwani alikuja kuniaga.

"Tata," aliniuliza, maana hivyo ndivyo tunavyomwita shangazi au mama mkubwa, "ni kweli pwani watu wanaishi pole pole?"

Nilimwambia aende ajionee. Leo ningemjibu hivi. Sijaona mahali watu maskini wanaishi pole pole. Nimeona mahali wanaficha uchovu wao kwa kukimbia, kama huku kwetu, ili waonekane wana bidii, na mahali wanauficha kwa kutembea taratibu, kwa kuwa ndivyo wanavyolipwa kufanya, au kwa kuwa jua ni kali na mwili una akili. Wanaopumzika kweli pwani ni wale wanaolipa, nao hupumzika siku chache, kisha hurudi kwao kuwasimulia watu.

Mwezi wa Mei uliopita, hoteli ya Mukami ikiwa na wageni wachache, wakubwa wake walimruhusu kuleta jamaa kwa siku mbili. Akatuita mimi na mama yake. Marigu hakuwa amewahi kuona bahari. Alisimama juu ya mchanga na viatu vyake vya kanisani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Maji ni mingi," alisema, akageuka kurudi ndani.

Chumbani alipapasa kitanda kwa kiganja.

"Huku ndiko ulikuwa unalala?"

"Hapana. Kwenye vyumba kama hiki nilikuwa nafanya kazi tu. Tulilala nyuma, vitanda vya juu na chini."

Alijilaza na kitambaa chake kichwani, akalala. Alilala jioni ile, akalala usiku, akalala asubuhi iliyofuata hadi adhuhuri. Niliinama mara mbili kusikiliza kama anapumua. Sidhani katika maisha yake alikuwa amewahi kulala bila mtu wa kumnyanyua au ng'ombe wa kumkamua. Mimi nilikaa kwenye kiti. Msichana wa vyumba alipokuja alikuta kitanda changu kimeshatandikwa, akasimama akikitazama.

"Mama, mbona umenifanyia kazi yangu?"

"Nimezoea tu, mwanangu."

Alasiri Mukami aliingia, ametoka zamu. Mlangoni alikuwa bado na lile tabasamu. Mlango ulipojifunga nyuma yake, likatoka usoni, akateremka akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba, mistari ya viatu imeingia ndani ya nyama, kisigino kimoja kimechubuka hadi damu.

Marigu alikuwa ameamka. Aliketi kitandani.

"Mukami, hiyo ni nini?"

"Ni miguu, mama."

"Naona ni miguu. Imefanya nini?"

"Ni kazi. Tukiwa mbele ya wageni hatukai chini. Kila mtu hapa ako hivi," Mukami alisema akifumba macho. "Uliza Tata."

Marigu akanigeukia. Alinitazama kuanzia usoni, akashuka hadi kwenye soksi nzito ambazo navaa hata kwenye joto, kwa sababu ya mishipa.

"Miaka hiyo yote?"

"Miaka hiyo yote," nikamwambia.

Hakusema pole. Marigu si mtu wa kusema pole, na mimi sikuwa naingojea. Aliinuka akaenda bafuni, nikasikia maji yakifunguliwa, kisha akatoka na ndoo, amekunja mikono ya nguo yake kama alivyozoea kufanya akimwogesha mama. Alipiga magoti kwenye zulia, akaingiza miguu ya binti yake majini, akaikanda kidogo kidogo, kuanzia kidole hadi kifundo. Mukami alilala pale pale, kichwa kimeegemea ukuta. Marigu aliikausha miguu ile kwa taulo la hoteli, akaifunika. Kisha akachovya mkono ndani ya ndoo, akapima.

"Maji bado ni moto," aliniambia bila kuinua macho. "Leta yako."

Nikavua soksi.